Pampu ya Kahawia na Tete la Fundi Sabas

Wadogo zangu mliobaki zamu, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa matibabu. Sasa nina wiki tatu nyumbani Kibaoni, kuku wameshanizoea, na mwanangu ameanza kuniuliza kwa adabu kama sina kazi ya kufanya. Kwa hiyo naandika. Vyeo na madaraja yamo kwenye faili langu, anayeyataka akayasome huko. Mimi nitaandika juu ya pumu, maana ndiyo iliyonifundisha kazi. Kuna mara moja niliishinda, na nikiikumbuka siku hiyo hata leo natembea nimenyoosha mgongo.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye zahanati ndogo hapahapa Kibaoni, mjini Ifakara, nikiwa na viatu vyeupe vipya na saa ya kubandika kifuani. Weupe wa viatu ulidumu hadi saa nne asubuhi, kwani ilikuwa masika na uwanja wote ulikuwa tope. Tabibu wetu alikuwa Bwana Kasiani, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuvuta suruali juu kila alipokuwa akifikiri. Alinipa meza ya pembeni akasema wagonjwa wote wa kifua watakuja kwangu. Nilidhani ameniheshimu. Baadaye nikagundua kwamba kila nesi mpya alipewa meza ile, kwa sababu mgonjwa wa pumu hana siku ya kumaliza, na wenzangu walikuwa wamechoka kuona sura zilezile.

Vifaa vilikuwa vichache na nilivijua kimoja kimoja. Tulikuwa na dawa ya kudunga mshipani, ambayo Bwana Kasiani alinifundisha kuisukuma polepole mpaka mkono unakufa ganzi. Tulikuwa na vidonge vya kufungua kifua, ambavyo ukizidisha vinamtetemesha mtu mikono na kumwendesha moyo mbio. Halafu zilikuja pampu za kuvuta kwa mdomo, za rangi mbili. Ya bluu hufungua kifua papo hapo. Ya kahawia hutuliza njia za hewa kwa ndani, kidogo kidogo, na lazima uitumie kila siku hata ukiwa mzima. Watu waliipenda ya bluu. Ya kahawia waliirudisha wakisema ni mbovu.

Wengi pia hawakuweza kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa ikaishia kwenye ulimi. Bwana Kasiani akachukua chupa ya dripu ya plastiki iliyokwisha, akaiosha, akatoboa kitako chake kwa msumari wa moto, akachomeka pampu pale. Ukibonyeza, dawa inakaa ndani ya chupa, na mgonjwa anavuta taratibu kwa upande wa pili. Nimetumia vifaa vya bei mbaya tangu wakati huo na sijaona kilichoizidi ile chupa. Tulikuwa na kipima pumzi pia, bomba fupi lenye mshale unaosogea kadiri mtu anavyopuliza kwa nguvu. Wazee wetu walikipuliza kwa upole kana kwamba wanapoza uji, na ilinibidi nionyeshe mimi kwanza, mate yakiruka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana sitaki mdhani nilizaliwa na akili hii. Kwenye daftari la wagonjwa kulikuwa na swali la kuuliza kama mtu ametumia dawa za kienyeji. Wiki yangu ya kwanza mama mmoja alijibu ndiyo, akafungua fundo la khanga akanionyesha majani makavu. Nilimsema mbele ya foleni nzima. Kisha nikayachukua yale majani nikayatupa dirishani. Watu wa huku hawabishani na nesi, wanaitikia tu, "Ndiyo, Sista." Kuanzia siku ile kila niliyemuuliza alijibu hapana, nami nikaandika hapana kurasa na kurasa, nikaenda kumwonyesha Bwana Kasiani kwa fahari. Akavuta suruali. Akaniuliza kama kweli katika watu wote hao wa Kibaoni, Idete na ng'ambo ya mto hakuna hata mmoja aliyewahi kuchemsha jani. Nilidhani ananipongeza.

Felista alikuja mwaka wangu wa tatu, Juni, kipindi cha mavuno ya mpunga. Alikuwa mkulima wa Idete, mzaliwa wa Mahenge, mwenye watoto wawili, mkubwa akiitwa Kolumba. Mume wake, Deodatus, alimleta kwenye keria ya baiskeli, amemfunga kiunoni kwa khanga asije akadondoka, na alikuwa amepiga pedali tangu alfajiri. Kifua cha Felista kilikuwa kinapiga filimbi mpaka unaisikia ukiwa mlangoni, na hakuweza kumaliza sentensi. Tulimdunga, akafunguka, nikamwuliza swali langu. Akasema hapana.

Walirudi baada ya siku tisa, wakarudi tena baada ya siku sita. Kila mara nilimwongezea vidonge, kwa kuwa kwenye daftari langu mtu huyu hakuwa anatumia kitu kingine chochote. Mikono yake ikaanza kutetemeka kiasi kwamba alishika kikombe kwa viganja viwili. Siku Deodatus alipotoka kwenda kutafuta maji ya kunywa ndipo Felista akaniambia kilichokuwa kinamsumbua zaidi ya pumu. Alikuwa anabanwa kila mwaka mpunga ukishaingia ndani, na haya yalikuwa mavuno ya tatu. Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekaa kikao. Walisema mavuno ya nne yakimkuta bado anakoroma, atarudishwa kwao Mahenge, na watoto watabaki.

"Deo hataki," akasema. "Lakini hawezi kuwapinga wazee wake. Sista, mimi nisipopona mwaka huu, sina watoto."

Niseme ukweli, niliogopa. Vitabu vyangu havikuwa na mstari wa mambo hayo.

Mara ya nne nilimkuta kwenye foleni kabla ya zamu yake. Alikuwa amebanwa, lakini badala ya kuhangaika alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, midomo ameikunja, anatoa pumzi polepole huku akihesabu kwa vidole. Ilikuwa kazi safi kabisa. Nilimwuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna. Aliponyanyuka, kitu kikadondoka kutoka kwenye fundo la khanga: kipande cha tete, lile linaloota kando ya mto, urefu wa kiganja, limesuguliwa ncha zote mbili. Felista alilitazama lilivyolala sakafuni, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi.

"Usilitupe, Sista," akasema. "Nitakuambia yote, ila usilitupe."

Wadogo zangu, nimewahi kukaripiwa na wakubwa wenye vyeo virefu, na hakuna neno lililoniingia kama lile. Nililiokota tete nikaliosha, nikampa. Kisha nikaketi chini, nikamwuliza upya kwa sauti nyingine, na akanieleza kwa saa nzima huku foleni ikininung'unikia.

Lile tete alipewa na Fundi Sabas wa Kibaoni, ambaye nyinyi hamkumkuta. Asubuhi alitengeneza baiskeli na mchana alitibu watu, palepale, kibanda kilekile, nje kidogo ya ukuta wa zahanati yetu. Mgonjwa alipewa tete achovye ncha moja kwenye karai la maji, apulize polepole mapovu yatoke madogo madogo bila kukatika, hadi ahesabu kumi. Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Hiyo ilikuwa tiba ya kwanza. Tiba ya pili ilikuwa moshi: majani yanachomwa kwenye kigae, mgonjwa anafunikwa blanketi, anavuta. Felista alikuwa anapigwa moshi kila baada ya siku chache, na kila baada ya moshi alikuja kwangu amebanwa, nami kwa uhakika wangu wote nikamwongezea vidonge.

Nilikwenda kwa Fundi nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, mwenye grisi kwenye vidole na shati lililopigwa pasi. Aliniamkia vizuri, akanivutia kigoda, akaendelea kuzungusha tyubu ndani ya karai la maji kutafuta pancha. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kwamba yale majani niliyoyatupa dirishani yaliangukia mahali wateja wake wanapoegesha baiskeli, na kwamba aliyaokota yote, asante sana.

Nilimwambia kwamba tete lake ni zuri na moshi wake unaua. La kwanza alilipokea kama haki yake, la pili akalikataa, kwa sababu moshi alirithi kwa bibi yake. Nilimtania: na tete je, nalo lilitoka kwa bibi au kwenye karai la pancha? Akacheka, akarudi kwenye tyubu yake, na hadi leo sijui.

Sikutaka kubishana naye tena bila ushahidi. Nilimpa Felista daftari na nikamwazima kipima pumzi, jambo ambalo halikuruhusiwa na ambalo Bwana Kasiani aliamua kutoliona. Alihamia kwa muda kwa dada yake hapa Kibaoni ili awe karibu nasi. Kila asubuhi na jioni alipuliza na kuandika mshale ulipofika, na kando yake akaandika alichofanya siku hiyo, kwa ahadi yangu kwamba sitamkaripia kwa lolote. Nilimwanzishia pampu ya kahawia kwa chupa ya dripu, nikapunguza vidonge, nikamwambia aendelee na tete. Siku moja alikwenda kwenye moshi, akaliandika hilo pia. Jioni ile mshale ulishuka karibu nusu, na ilitubidi tumpe ya bluu haraka.

Nilimpelekea Fundi lile daftari. Nilimwekea mkononi. Alisoma akifuata mistari kwa kidole chenye grisi, akarudi nyuma, akasoma tena. Mtu aliyezoea kupima upepo wa tairi anajua kipimo ni nini.

"Moshi basi," akasema. "Tete haliondoki."

"Tete haliondoki," nikakubali, na tukapeana mikono. Nilinuka grisi hadi jioni.

Felista alikaa kwa dada yake wiki tatu, akawa mzima. Alirudi Idete akiimba. Siku ya nne Deodatus akamleta kwenye keria, amefungwa khanga kiunoni, kama mwanzo.

Hapo ndipo wataalamu wawili tulipoonyesha ujinga wetu. Mimi nikasema ni baridi, maana Juni na Julai usiku wa bondeni unauma, na vitabu vinasema baridi hubana kifua. Fundi, aliyekuja zahanati kumwona, akasema ni husuda, maana haiwezekani mtu abanwe mpunga ukishaingia ndani tu kama si jirani aliyeyahesabu magunia yake kwa jicho baya. Mimi nilimwambia kwamba Kibaoni nako kulikuwa na baridi, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaona nimeiua hoja yangu. Naye akatamka kwamba jirani mwenye husuda anaweza kumfuata mtu hata Kibaoni, kisha naye akaona amejifunga mwenyewe, maana Kibaoni Felista alipona. Bwana Kasiani, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akavuta suruali akauliza kama kuna kati yetu aliyewahi kuiona nyumba ya huyu mama.

Tulikwenda Jumamosi, Felista akiwa ameshafunguka na kurudi kwake, mimi na Fundi, kila mtu na baiskeli yake. Nilipata pancha mara mbili, na sijawahi kusafiri na mganga mwenye faida kama yule. Tulimkuta Felista ameketi nje juu ya mkeka, ameinama, anapuliza tete. Baada ya salamu na maji ya kunywa, Fundi aliomba kuona chumba. Alitaka kukizindika, yaani kukikinga na husuda kwa dawa zake. Kwa desturi yake, alisema, chumba kinazindikwa kikiwa kitupu, kila kitu kinatolewa nje juani.

Deodatus akafungua mlango wa chumba cha kulala, nami nikashika ukuta. Kitanda karibu hakikuonekana. Magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, pande tatu, na kitanda kimebanwa katikati, mto ukigusa gunia. Vumbi la makapi lilikuwa juu ya shuka, juu ya neti, juu ya kioo. Magunia ya chini yalikuwa yamevuta unyevu na kunuka ukungu. Nilikaa humo nikihesabu hadi ishirini, na mimi nisiye na pumu nikaanza kukohoa.

Msishangae. Kwetu sisi kila mtu alilala na mpunga wake, na wengi bado wanalala nao. Mavuno yakiachwa nje wezi wanayabeba, na mtu aliyelala na magunia kichwani anaonekana ni baba mwenye busara. Mimi mwenyewe nililelewa kwenye chumba cha namna hiyo. Ndiyo maana wiki zote zile nilimwuliza Felista kila kitu, anakula nini, anapika kwa kuni zipi, na sikuwahi kumwuliza analala na nini.

Nilimgeukia Fundi. Tulitazamana, na nadhani sote wawili tuliona aibu kwa wakati mmoja.

"Deo, mwanangu," akasema Fundi, "mchawi nimemwona. Ni huyu hapa." Akapiga gunia kwa kiganja, vumbi likapanda.

Deodatus hakupenda hata kidogo. Alieleza kwa heshima kwamba mwaka uliopita jirani aliibiwa magunia sita yaliyolala uani, na kwamba huo mpunga ndio mwaka wao mzima, ndio chakula na ada na kila kitu. Akauliza kama tunataka watoto wake wale tete. Nilianza kumweleza juu ya njia za hewa na jinsi zinavyovimba, nikaona macho yake yanakwenda mbali. Fundi naye akaanza habari za kuzindika ghala. Hakuna aliyesikilizwa.

Felista ndiye aliyesimama. Alisimama polepole, akavuta pumzi, akaitoa kama alivyofundishwa, mpaka akawa na pumzi ya kutosha maneno yote.

"Baba Kolumba, wazee wako wamesema nichague kupona au kuondoka," akasema. "Mimi nimechagua kupona. Sasa na wewe chagua. Ulale na mimi au ulale na magunia."

Nilitazama chini. Fundi akapata kitu cha kurekebisha kwenye mnyororo wa baiskeli yake. Deodatus akatazama chumba, akatazama uani. Kisha akavua shati, akaingia ndani, akatoka na gunia la kwanza begani.

Tulifanya kazi hadi jua la saa tisa. Fundi alizindika chumba kitupu kwa mambo yake, nami nikafagia kwa maji, nikafua neti, nikaanika mto, tukasiliba kuta upya. Kila mmoja aliridhika kwamba tiba ni ya kwake. Wiki ile ile Deodatus alijenga kihenge cha miti nyuma ya jiko, kimeinuliwa kutoka chini, kimepigwa udongo, chenye mlango mmoja na kufuli. Na kwa kuwa hakuamini kufuli, hadi mpunga ulipouzwa alilala mlangoni pake yeye mwenyewe, na panga na blanketi. Idete nzima ilimcheka. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Baada ya hapo, kila mgonjwa wa pumu aliyekuja kwangu nilimwomba anichoree chumba chake. Nikafuta lile swali la daftari kwa wino, nikaandika jipya: nyumbani mmeanza na nini? Majibu yalijaa hadi pembeni mwa kurasa. Mengi ya waliyotumia hayakuwa na madhara, machache yalikuwa hatari, na yote sasa niliyajua. Fundi alinitumia wagonjwa wake waliobanwa sana, kabla hawajachelewa, na mimi nikampelekea wangu wakajifunze kupuliza mapovu, kwa sababu alikuwa na uvumilivu ambao mimi sina. Tete halikuwahi kuchukua nafasi ya pampu ya kahawia, na aliyeacha pampu nilimfuata hadi kwake. Msije mkasema dada yenu Koleta alifundisha kutibu pumu kwa majani.

Yakafika mavuno ya nne. Juni nzima sikumwona Felista, na sikujua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Dawa zake alichukua dada yake, aliyesema tu kwamba wako shambani. Nilihesabu siku. Nilimwota yuko Mahenge peke yake.

Siku moja ya Julai, asubuhi, nikiwa natoboa chupa ya dripu, nilisikia kengele ya baiskeli uwanjani na watu wa foleni wakiangua kicheko. Nikatoka. Felista alikuwa anaingia getini anapiga pedali, jasho linamtiririka, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Nyuma kwenye keria alikaa Deodatus, mguu umefungwa kitambaa chenye damu, amejishikilia, na khanga imemzunguka kiunoni asidondoke. Alikuwa amejikata kwa jembe. Toka Idete, njia yote ile, mke wake alikuwa amembeba.

Fundi Sabas aliacha tairi likajiviringisha lenyewe barabarani. Bwana Kasiani alitoka mlangoni akavuta suruali hadi ikapita kitovu. Mimi nilikuwa nalia, na sikujifanya kwamba ni vumbi.

Felista akaegesha baiskeli kwenye ukuta, akafungua khanga, akamsaidia mume wake kushuka. Kisha akanigeukia, kifua kimetulia.

"Shikamoo, Sista," akasema. "Leo nimeleta mgonjwa."